Kanisa la Wazee Wetu Lisizikwe Likingali Hai



Katika kila kijiji iko nyumba moja iliyo ya watu wote, na kwa kuwa ni ya watu wote, mara nyingi haina mtu wa kuiangalia. Nyumba yako mwenyewe ikivuja usiku, wewe huamka ukasogeza kitanda, na kukipambazuka hupanda juu ukatafuta tundu. Lakini nyumba hii ninayoisema ikivuja, watu husogeza benchi tu, na Misa ikiisha kila mtu huenda zake. Nyumba hiyo ni kanisa.

Nataka leo tuongee habari za kanisa la zamani, lile la matofali ya kuchoma na paa la bati, ambalo wazee wetu walilijenga kabla sisi hatujazaliwa, au tulipokuwa tungali watoto wa mgongoni. Huku kwetu Kisondela, katika wilaya ya Rungwe, neno hili limetugawanya. Vijana wasema, "Kuta zina nyufa, paa limeoza, na tulibomoe tujenge la kisasa." Wazee wajibu, "Asiguse mtu. Hapo ndipo tulipobatizwa." Nanyi mnaosoma gazeti hili katika vijiji vingine, naamini mmekwisha kuyasikia maneno hayo hayo.

Mimi kazi yangu ni uashi, nami nimezeeka nayo. Sitaki kuwachochea vijana, wala kuwabembeleza wazee. Nauliza swali moja tu: Je, ni nani aliyempima mgonjwa? Mtu akiugua hatumchimbii kaburi kabla ya kumpeleka hospitali. Wala hatumwachi kitandani tukisema, "Asiguswe, huyu ni mzee wetu." Twampima, twamtibu, na kama ameshindikana, ndipo twamzika kwa heshima. Kanisa nalo ni vivyo hivyo.

Shauri la kubomoa ni jepesi siku ya mkutano. Ukuta wa kwanza huanguka kwa siku moja, tena kwa vigelegele. Halafu huja hesabu ya saruji, nondo, mbao, bati na magari ya mchanga. Msingi humwagwa, kuta hupanda hata usawa wa madirisha, na hapo fedha huisha. Mwaka ule kahawa ikikosa bei, au majani ya chai yakikawia kulipwa, kazi husimama. Nyasi huota ndani ya msingi. Wakristu husali katika darasa la shule, au chini ya turubai, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Watoto hupokea Komunyo ya kwanza hapo, na wachumba hufunga ndoa hapo, huku matone yakiwaangukia mabegani. Sisemi kwamba ni vibaya kujenga kanisa jipya. Waamini wakizidi, na nafasi ikikosekana, hatuna budi kujenga. Nasema tu kwamba mtu mwenye nyumba moja, kabla ya kuibomoa, yampasa kujua hakika kama haifai tena.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kanisa huuawa na uzee. Sivyo. Tofali lililochomwa vema, likikaa pakavu, litamzika aliyelifyatua, na wajukuu wake pia. Kinacholiua kanisa ni maji. Huku kwetu mvua si mgeni apitaye, bali ni mwenyeji. Upande huu wa kusini wa mlima Rungwe hupata kwa mwaka mvua ya zaidi ya milimeta 2,000. Hebu tufanye hesabu pamoja. Paa linalofunika urefu wa meta 20 na upana wa meta 9 lina eneo la meta za mraba 180. Mvua ya milimeta 2,000 juu ya paa hilo ni lita 360,000, yaani mapipa 1,800, kila pipa lita 200. Na hayo ni ya mwaka mmoja tu! Maji hayo yote huanguka wapi? Kama paa halina mifereji, huanguka miguuni mwa ukuta. Huchimba udongo, hurusha matope ukutani, huzama katika msingi, na tofali huyanywa polepole kama utambi unywavyo mafuta ya taa. Bandu bandu huisha gogo.

Basi ukitaka kulipima kanisa lenu, usiende siku ya jua. Siku ya jua kila kanisa ni zima. Nenda siku ya mvua kubwa, na mwavuli wako, au hata jani la mgomba kichwani, ulizunguke polepole. Tazama maji yatokako na yaendako. Tazama kama upenu wa bati umetoka nje ya ukuta vya kutosha. Ukiwa mfupi, maji huteremka na ukuta wenyewe. Tazama kama mfereji wa paa umejaa majani, maana mfereji ulioziba ni mbaya kuliko kukosa mfereji. Humwaga maji yote mahali pamoja, na hapo ndipo ukuta huanza kuoza.

Kisha tazama chini. Sisi Wanyakyusa twaupenda mgomba, nao twaupanda hata mlangoni. Lakini mgomba hupenda maji, na shina lake huuweka udongo katika hali ya ubichi mchana na usiku. Ukuta wa kanisa hauwezi kukaa mkavu kama migomba imeuegemea. Iondoe, ipandwe mbali. Miti mikubwa nayo isiachwe kukua karibu na msingi. Tena hesabu ngazi za mlangoni. Ikiwa wazee wakumbuka ngazi tatu, na wewe waona moja, basi zile mbili hazikuibwa. Udongo ndio uliopanda, kwa miaka mingi ya mvua na mafagio, nao sasa waugusa ukuta juu ya mahali wajenzi walipokusudia. Dawa yake ni majembe, wala haihitaji mchango wa fedha. Ondoeni udongo huo mpaka mwuone mwanzo wa ukuta, mkichimba kidogo kidogo, wala msishuke hata kuuacha msingi wazi. Kisha chimbeni mtaro wa kuyapeleka maji mbali, wenye kuteremka vizuri, na kuuimarisha kwa mawe. Vijana ishirini na akina mama wa kubeba mawe, kwa Jumamosi mbili tatu, waweza kuuongezea ukuta miaka mingi.

Ukimaliza nje, ingia ndani. Panda juu ya ngazi imara, ukishikiwa na mtu, utazame mbao za kenchi. Choma kwa ncha ya kisu mahali boriti iingiapo ukutani, maana huko ndiko huoza kwanza, mahali macho hayafiki. Kisu kikiingia kama katika kiazi kilichopikwa, boriti hiyo imekwisha. Tafuta njia za mchwa, zile mistari ya udongo ipandayo ukutani. Usiifute tu ukaridhika. Fuata njia hiyo hata ujue mchwa watokako. Tazama vilevile bati. Mara nyingi bati lenyewe lingali zima, ila misumari imelegea na matundu yake yamepanuka. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, wala si bondeni ambako maji hupita. Jambo dogo, lakini nimeona dari nzima ikianguka kwa sababu yake. Na popo wakiwa wamefanya makao darini, ngojeni jioni watoke, ndipo mzibe matundu, tena si katika majira wanapokuwa na watoto. Mwenye kufagia kinyesi chao na akinyunyizie maji kwanza, na kujifunga kitambaa puani.

Halafu nyufa. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao walisema kweli. Lakini mwashi huongeza neno moja: kabla ya kuuziba ufa, uulize umetoka wapi. Ziko nyufa zilizolala na ziko nyufa zinazotembea. Ili kuzijua, andika kwa kalamu tarehe mwanzo na mwisho wa ufa. Kisha chukua kipande chembamba cha kioo, ukikingamishe juu ya ufa, na kukishika kwa saruji kidogo huku na huku. Ngoja masika yapite na kiangazi kipite. Kioo kikibaki kizima, ufa huo ni wa zamani nao umelala, waweza kuzibwa. Kioo kikivunjika, ukuta unatembea, na kuziba ufa bila kuondoa sababu ni kumfunga mgonjwa kitambaa bila kumpa dawa. Pengine msingi unazama kwa maji. Pengine mzizi unauinua. Pengine fundi wa zamani aliikata ile boriti ya kukingama ifungayo kuta mbili, na sasa paa linazisukuma kuta nje.

Tena tukumbuke kwamba sisi twakaa katika Bonde la Ufa, na nchi yetu hutikisika. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la upande wa Rukwa lilikuwa moja ya makubwa yaliyopata kupimwa katika Afrika. Na tarehe 10 Septemba 2016 ndugu zetu wa Kagera walipoteza watu na nyumba kwa tetemeko. Basi baada ya kila mtikisiko, wazee wa kanisa na walizunguke kanisa na kalamu yao. Na kama ukuta umeinama, au ufa unaongezeka upesi, msikae chini yake mkingoja ushauri wa gazeti. Fungeni mlango, salini nje, mkamwite mhandisi wa wilaya aje aupime. Uhai wa mtoto mmoja wapita kuta zote.

Sasa nije kwa jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni matengenezo yanayoua. Nimeona kigango kimoja, sitakitaja, ambako waamini walichanga fedha kwa moyo mwema kabisa. Wakanunua saruji, fundi akapiga plasta nene nje na ndani, juu ya tofali laini lililojengwa kwa udongo, na kumaliza kwa rangi ya mafuta. Siku ya Pasaka kanisa liling'aa hata watu wakapiga picha. Baada ya mvua za miaka mitatu, ukigonga ukuta ulisikia sauti ya debe tupu. Mwaka uliofuata plasta ilianguka vipande vipande, na nyuma yake tofali lilikuwa limegeuka unga.

Kwa nini? Kwa sababu ukuta wa namna ile hupumua. Maji kidogo yakiingia kutoka chini, hutoka tena kwa upepo na jua. Saruji ni ngumu, nayo huufunga mlango huo. Maji huingia kwa chini na kwa nyufa ndogo, hayana pa kutokea, hukaa ndani na kulilainisha tofali. Wajenzi wengi wa zamani walijua hayo, nao walitumia chokaa. Jiwe la chokaa huchomwa katika tanuru, kisha huzimwa kwa maji, likachanganywa na mchanga, kwa kawaida sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga safi. Likikaa ukutani hurudia polepole hali ya jiwe, kwa kuvuta katika hewa kile ambacho moto uliliondolea. Ni kazi ya uvumilivu. Plasta yake hupigwa tabaka nyembamba nyembamba, na kutiwa maji isikauke upesi kwa jua. Chokaa hiyo haitoki mbali, maana mawe yake hupatikana huko Songwe. Ila mjihadhari: chokaa isiyozimwa huchemka ikitiwa maji, nayo huweza kupofusha macho. Watoto wasikaribie shimo lake.

Basi kanuni ninayowapa mafundi vijana ni hii: dawa isiwe ngumu kuliko mgonjwa. Palipojengwa kwa udongo na chokaa, tengeneza kwa udongo na chokaa. Palipojengwa kwa saruji, tumia saruji. Wala msidhani haya ni mambo ya kizamani tu. Kule Unguja, kanisa kuu la Waanglikana la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, kwa mawe ya matumbawe. Lilipoharibika sana, lilifanyiwa matengenezo makubwa yaliyomalizika mwaka 2016, na katika kazi hiyo mafundi wa hapo walifundishwa tena namna ya kutunza majengo ya zamani. Kama ujuzi huo wafaa kwa kanisa kuu linalotembelewa na wageni wa dunia nzima, wafaa pia kwa kigango cha kijijini.

Neno la moto nalo tusilisahau. Mwaka 1910 kanisa kuu la Namirembe, huko Uganda, lililokuwa limeezekwa kwa nyasi, lilipigwa na radi likateketea. Sisi wa Rungwe twaijua radi. Kanisa lililo juu ya kilima lifungiwe kinga ya radi na mtu anayeijua kazi hiyo. Na hata wakati wa kutengeneza, moto hunyemelea. Kanisa kuu la Notre-Dame, mjini Paris, liliungua tarehe 15 Aprili 2019 huku matengenezo yakiendelea. Mbao za paa lake zilikuwa zimedumu karne nyingi, nazo ziliteketea jioni moja. Lilifunguliwa tena Desemba 2024, baada ya kazi ya miaka zaidi ya mitano. Kwa hiyo mafundi wasivute sigara darini, nyaya za umeme zisiunganishwe na kila ajuaye kushika koleo, na mishumaa isiachwe ikiwaka peke yake.

Labda utasema, "Mzee, haya yote ni mema, lakini fedha zitoke wapi?" Nami nitakujibu kwa Maandiko Matakatifu. Soma Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza Hekalu la Bwana litengenezwe, na sadaka zikatolewa, lakini hata mwaka wa 23 wa ufalme wake mahali palipobomoka palikuwa bado. Ndipo kuhani Yehoyada alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na altare, upande wa kuume wa mtu aingiaye. Fedha zilipojaa, hazikuhesabiwa na mtu mmoja. Mwandishi wa mfalme alikuja pamoja na kuhani mkuu, wakahesabu wawili. Kisha walilipwa maseremala, wajenzi, waashi na wachonga mawe, na mbao zikanunuliwa. Fedha hizo hazikutumika kutengenezea vikombe vya fedha, bali zilikwenda katika ukuta.

Ndugu zangu, mafundisho yote ya matengenezo yamo humo. Kwanza, kuwe na sanduku la pekee, la matengenezo tu, lisichanganywe na mchango wa sikukuu. Pili, sanduku liwe na kufuli mbili, na funguo zikae kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Tatu, hesabu isomwe kanisani, ijulikane kilo ngapi za misumari zimenunuliwa na zimepigiliwa wapi. Mali bila daftari huisha bila habari. Wakristu wetu si wachoyo. Ila mtu akitoa mara mbili bila kuona kazi, mara ya tatu mkono hukaa mfukoni. Na asiye na fedha ana mikono. Mtakatifu Fransisko alipoanza kulitengeneza kanisa dogo la Mtakatifu Damiano, nje ya mji wa Assisi, hakuanza na mkandarasi. Aliomba mawe mjini, akayabeba kwa mabega yake mwenyewe.

Wala tusiseme sisi ni wachache na maskini. Prefektura ya Kitume ya Tukuyu ilipoundwa mwaka 1932, Wakatoliki wa nchi hii walikuwa wachache kuliko sisi. Prefektura hiyo ilikua ikawa jimbo la Mbeya, na tangu mwaka 2018 ni Jimbo Kuu. Wale wachache walichimba udongo, wakafyatua matofali, wakayachoma kwa kuni walizozikata wenyewe, na wanawake waliyapandisha kilimani, wengine na mtoto mgongoni. Sisi tulio wengi hatukuambiwa tufanye kazi hiyo. Tumeambiwa tuzibue mfereji tu. Je, hata hilo litushinde?

Tena kuchelewa kuna gharama yake. Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa, Kardinali wa kwanza Mwafrika, alipofariki Desemba 1997, hakuzikwa kwanza katika kanisa kuu la Bukoba, kwa kuwa lilikuwa lahitaji matengenezo. Alilazwa Kashozi, misioni kongwe iliyoanza mwaka 1892, na mwili wake ukahamishiwa kanisa kuu mwezi wa Oktoba 2012. Miaka karibu kumi na mitano! Simlaumu mtu, maana kazi ya kanisa kuu ni kubwa na fedha zake ni nyingi. Nasema tu kwamba, kama jengo la jimbo zima laweza kungoja hivyo, kigango kidogo kisingoje mpaka ugonjwa uwe mkubwa. Na mnaona pia kwamba ni kanisa la misioni kongwe lililompa mzee wetu pa kulala siku zile.

Na ikiwa mgonjwa ameshindikana? Yaani mhandisi amepima, mafundi wamesema, na kweli kuta hazifai tena? Hata hapo si kijiji kiamuacho, wala si mkandarasi, wala si mwenye sauti kubwa mkutanoni. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1222, yasema kwamba kanisa likiwa haliwezi kutumika tena kwa ibada, wala hakuna njia ya kulitengeneza, Askofu ndiye awezaye kulitoa katika ibada, nalo litumike kwa kazi nyingine isiyo ya aibu. Angalieni neno lile: wala hakuna njia ya kulitengeneza. Kanisa lenyewe latuagiza kutafuta njia hiyo kwanza. Basi mwende kwa Baba Paroko, naye apeleke habari kwa Askofu. Sakramenti Kuu ihamishwe kwa heshima kabla fundi hajainua nyundo. Kengele, sanamu, misalaba na benchi visiuzwe kama vyuma chakavu, na matofali yaliyo mazima yaingizwe katika jengo jipya. Hapo mtakuwa mmemzika mzee wenu kama wana, wala hamkumtupa kama wageni.

Lakini nionavyo mimi, katika makanisa mengi ya zamani ya vijiji vyetu mgonjwa hajashindikana. Ana homa tu, nayo imeachwa. Kwa hiyo nawaomba kila kigango kiwe na taratibu ya mwaka. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, mifereji ya paa isafishwe, misumari ya bati ikazwe, mitaro izibuliwe. Mwezi wa Januari, mvua ikiwa kubwa, wazee wawili walizunguke kanisa na kuandika mahali panapovuja. Mwezi wa Juni na Julai, mvua zikipungua, mafundi wazibe na kupiga chokaa. Tarehe 9 Novemba, Mama Kanisa anapoadhimisha kutabarukiwa kwa Basilika la Laterani, daftari la matengenezo lisomwe mbele ya waamini wote, tumshukuru Mungu kwa kilichofanyika. Kazi hizi hazihitaji mfadhili wa ng'ambo. Zahitaji ngazi, kisu, kalamu, majembe, na watu wawili waaminifu.

Nanyi vijana, msinichukie. Najua mwataka kanisa zuri. Nami nalitaka. Lakini ninyi mnaolilaumu kanisa kwa kuvuja ndio wenye nguvu ya kupanda juu ya paa. Sisi wazee magoti yametuishia. Njoni Jumamosi ijayo, tuwaonyeshe msumari upigwe wapi. Mkilitunza hili mwaka hata mwaka, siku mtakapojenga lingine mtakuwa mmekwisha kuwa watu wa kutunza, na hilo jipya halitawavujia watoto wenu. Maana asiyejua kutunza kanisa la bati la zamani, hata akipewa jipya la vigae, baada ya miaka ishirini atasema libomolewe.

Mungu awabariki, na watakatifu wasomo wa vigango vyenu wawaombee.